Usikate Athi! Mvumo wa Ampli Yako Unatoka Kwenye Bodi

Leo sitaandika habari za programu. Nimekuwa na chuma cha solda mkononi kwa miezi kadhaa sasa, na kuna jambo limenikaa rohoni ambalo lazima nilitoe.

Jambo lenyewe ni hili. Huku kwetu, ukianzia Embu mjini hadi Maua, ukimwambia mtu kwamba ampli uliyojitengenezea inavuma, ushauri wa kwanza utakaopewa ni "kata athi". Yaani fungua plagi ya pini tatu, ng'oa ule waya wa kijani na manjano, rudisha kifuniko, washa. Na kweli, mara nyingi mvumo unapungua. Ndiyo maana ushauri huu haufi. Mimi pia niliufuata, tena nikajiona mjanja. Nimekuja kuamini kwamba ni ushauri mbaya kuliko wote unaotolewa kwenye meza za mafundi wetu, na kwamba mvumo karibu kila mara ni kosa la aliyechora bodi na kupanga waya. Waya wa athi unasingiziwa tu.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana hapa ndipo vurugu huanzia. Athi ninayosema si ule mto. Ni waya wa usalama unaotoka kwenye sanduku la chuma la kifaa, unapita pini ndefu ya plagi, na kuishia kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Grauni ni kitu kingine: ni sehemu ya saketi tunayoiita volti sifuri, ambayo sauti inapimwa kutoka hapo. Athi ipo kwa ajili ya uhai wako. Grauni ipo kwa ajili ya sauti. Ukizichanganya hizi mbili kichwani, utazichanganya na kwenye sanduku.

Haya, kisa chenyewe. Kwaya ya kanisa letu dogo upande wa Runyenjes ilikuwa ikiazima spika kila wiki. Nikajitolea kuwatengenezea ampli. Nilinunua aisi mbili za TDA2030A pale Luthuli Avenue, Nairobi, transfoma ya volti 12-0-12, bodi ndogo ya kuongezea maiki nguvu, na sanduku la chuma kutoka kwenye mtambo mkuukuu. Bodi niliichora kwa KiCad, ile programu ya bure iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa mwaka 1992. Nikaichapisha kwa leza, nikaihamishia kwenye shaba kwa pasi ya nguo, nikaitumbukiza kwenye feriki kloraidi. Ilitoka ikipendeza. Njia zote za shaba zilikuwa na upana wa milimita 1, zimenyooka kama msimbo uliopangwa vizuri.

Nikawasha. Mmmmmmmm.

Mwalimu wa kwaya akacheka. "Kijana, ampli yako inaimba besi kabla sisi hatujaanza." Alisema kweli kuliko alivyojua. Stima ya Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na ikishapita kwenye daraja la daiodi, kapasita huchajiwa mara 100 kwa sekunde. Mizunguko 100 ni karibu kabisa na noti ya G, ile iliyo kwenye mstari wa chini wa ufunguo wa besi. Mizunguko 50 ni G ya chini yake. Na mwimbaji mwenyewe hatoki mbali. Teremka kutoka Embu hadi nchi ya Mbeere utamkuta kwenye mto Tana: Kindaruma tangu 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mitambo hiyo yote, pamoja na mingine ya gridi, huenda hatua moja. Ukisikia mvumo kwenye spika, unasikia mapigo ya gridi nzima yameingia mahali ambapo hayakualikwa.

Jumamosi ya mazoezi, laptopu ya midundo ikiwa imeunganishwa na ampli, na chaja yake ya pini tatu ikiwa ukutani, mvumo ulikuwa hauvumiliki. Nikakata athi ya ampli. Mvumo ukapungua kama nusu. Watu wakapiga makofi, nami nikaenda kulala.

Jumapili midundo haikuhitajika, kwa hiyo laptopu haikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha, sakafu ya saruji ina unyevu. Mwalimu alisogeza mdomo kwenye ile maiki ya chuma, akaruka nyuma. Akaigusa tena kwa kidole. Kisha akaniangalia na kusema polepole, bila hasira, "Kijana, hii maiki inauma."

Sikusikia mahubiri ya siku hiyo. Nilikaa pale nikipiga hesabu. Nilipokata athi Jumamosi, sanduku halikuachwa bila kinga kabisa, kwa sababu lilikuwa bado limeshikwa na ganda la ule waya mwembamba wa sauti, likipitia laptopu hadi athi ya chaja. Jumapili hata hicho kiuzi hakikuwepo. Sanduku, grauni na maiki vyote vilikuwa vinaelea. Kilichomuuma mwalimu kilikuwa kile kiasi kidogo kinachovuja ndani ya transfoma yoyote. Lakini kama insuletio ya transfoma ingeungua, au waya wa laini ungechomoka na kugusa chuma, ile maiki ingekuwa na volti 240. Fyuzi isingekatika, maana umeme usingekuwa na njia nyingine ya kurudi isipokuwa mwili wa mwalimu, na mkondo wa kuua mtu ni mdogo mno kuyeyusha fyuzi.

Usiku huohuo nikaurudisha waya. Mvumo nao ukarudi wote. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ikabidi sasa niutafute ugonjwa wenyewe.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukitegemea, na nyinyi mnaoandika programu mtanielewa upesi. Chuoni tulionywa kuhusu kigeu cha jumla, yaani kile ambacho kila sehemu ya programu inaweza kukisoma na kukibadilisha. Kinaonekana kuwa rahisi, mpaka siku thamani yake inabadilika na hujui nani kaigusa. Sasa tazama alama ya grauni kwenye mchoro wa saketi, vile vistari vitatu. Unaichora mara kumi na tano, na mchoro unakuahidi kwamba zote ni kitu kimoja, volti sifuri, hakuna tofauti. Hicho ni kigeu cha jumla. Mchoro unadanganya. Kwenye bodi halisi, grauni ni shaba, na shaba ina ukinzani. Kila mkondo unaopita juu yake unaandika thamani yake pale.

Kwa hiyo nasema hivi: grauni si mahali, ni njia. Mkondo wowote unaotoka lazima urudi ulikotoka, na hilo Kirchhoff alilisema tangu 1845. Swali ambalo mchoraji wa bodi anapaswa kujiuliza kabla ya kuchora mstari wa kwanza ni hili: huu mkondo unarudi kwa njia gani, na nani mwingine anatumia njia hiyo?

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa maikromita 35. Kipande chake cha mraba, kiwe kikubwa au kidogo, kina ukinzani wa karibu nusu ya milliomu. Njia yangu ya grauni yenye upana wa milimita 1 na urefu wa milimita 50 ni miraba 50, kwa hiyo ni milliomu 25. Ni kidogo sana, utasema. Lakini kapasita kubwa hazichajiwi polepole. Zinachajiwa kwa mipigo mifupi mikali, mara 100 kwa sekunde, na kilele cha kila mpigo huwa mara kadhaa ya mkondo wa wastani. Chukua mpigo wa ampea 5. Zidisha kwa milliomu 25: unapata milivolti 125. Saketi ya kawaida ya TDA2030A, yenye rezista za kiloomu 22 na omu 680, hukuza sauti mara 33 hivi. Milivolti 125 zikiingia mahali pa kuingilia, zinatokea kwenye spika zikiwa volti 4. Hata ikiingia sehemu moja tu ya mia, bado ni milivolti 41 za mvumo, na katika chumba kimya utazisikia.

Nilipoirudia bodi yangu, aibu. Njia moja nyembamba ya grauni ilianzia kwenye jeki ya kuingilia, ikapita kwa rezista za aisi, ikapokea waya wa spika, ikaishia kwenye kapasita kubwa. Na waya wa katikati wa transfoma nilikuwa nimeuchomea karibu na jeki, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na nafasi! Mipigo yote ya kuchaji ilikuwa inapita chini ya sauti ya mwalimu ikielekea kwenye kapasita. KiCad haikulalamika hata kidogo. Kwa programu, kila kitu kilichoandikwa grauni kilikuwa kimeunganishwa, kazi imekwisha. Ilikagua mchoro tu, haikuelewa mikondo inavyorudi.

Bodi ya pili niliipanga kwa utaratibu huu.

Kwanza, kitanzi cha kuchaji. Transfoma, daraja la daiodi, kapasita mbili kubwa, kurudi kwenye waya wa katikati wa transfoma. Hiki ni kitanzi kichafu kuliko vyote, kwa hiyo kiwe kifupi, kinene, na peke yake. Waya wa katikati utue pale kapasita mbili zinapokutana, si penginepo.

Pili, nyota. Kutoka kwenye kiungo hicho cha kapasita, toa kijitawi kifupi kinene. Mwisho wa kijitawi hicho ndio nukta ya nyota, ambapo grauni nyingine zote zitakutania. Usiwashe nyota juu ya kiungo chenyewe, kwa sababu mipigo inakatiza pale. Kwenye kijitawi haipiti.

Tatu, grauni chafu. Waya wa kurudi wa spika uende moja kwa moja kwenye nyota. Spika ya omu 4 ikipokea wati 15 inavuta karibu ampea 2.7 kwenye kilele, na huo si mkondo wa kupitisha karibu na maiki. Rezista na kapasita ndogo za kuituliza aisi kwenye njia ya spika nazo zirudi upande huu. Kapasita za nanofaradi 100 ziwe karibu kabisa na mguu wa 3 na wa 5 wa aisi.

Nne, grauni safi. Jeki, volyumu, rezista ya kiloomu 22 ya kuingilia, na mguu wa ile kapasita inayofuatana na rezista ya omu 680, vyote vikutane pamoja, karibu karibu, kisha waya mmoja tu utoke hapo kwenda kwenye nyota. Wengi husahau ile ya omu 680. Aisi inapima sauti kati ya kinachoingia na hiyo, kwa hiyo kama grauni zao zinatofautiana kwa milivolti moja, hiyo milivolti ni sauti kwake.

Tano, waya. Sokota waya za transfoma pamoja, sokota za spika pamoja, weka waya wa kuingilia mbali na transfoma. Nafasi iliyo wazi kati ya waya wa kwenda na wa kurudi ni kitanzi, na kitanzi hunasa sumaku ya transfoma kama antena.

Sita, sanduku. Waya wa athi ufungwe kwenye chuma kwa bolti yake pekee, yenye washa ya meno, rangi ikiwa imekwanguliwa. Jeki ya kuingilia isiguse chuma. Kisha unganisha nyota na sanduku kwa waya mmoja. Na tahadhari moja kuhusu TDA2030A: mgongo wake wa chuma umeunganishwa na mguu wa 3, yaani upande wa hasi. Ukiufunga kwenye bati la kupozea bila maika na kibushi cha plastiki, na bati linagusa sanduku, umepiga shoti.

Baada ya hapo nilichukua jeki tupu, nikaunganisha ncha yake na ganda lake, nikaichomeka mahali pa kuingilia. Kipimo hiki ndicho ningependa kila fundi akijue. Ukiziba hivyo na mvumo ukaendelea, ugonjwa uko ndani ya sanduku. Ukinyamaza, ugonjwa uko nje. Ya kwangu ilinyamaza. Ilinibidi niweke sikio kwenye spika kuamini kwamba imewashwa.

Nikaunganisha laptopu na chaja yake. Mvumo mwingine, wa chini zaidi, ukarudi! Kumbe tangu mwanzo zilikuwa mbili. Ule wa mizunguko 100 ulikuwa wa bodi yangu. Huu wa 50 ulikuwa kitanzi cha nje: athi ya ampli, ukuta, athi ya chaja, laptopu, waya wa sauti, kurudi kwenye ampli. Kukata athi kulivunja hicho kitanzi cha pili, na ndiyo maana mvumo ulipungua nusu na kunipumbaza.

Lakini kitanzi unaweza kukivunja bila kugusa usalama. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstenshoni moja ili njia ya athi iwe fupi. Tumia transfoma ndogo ya sauti kati ya laptopu na ampli, ambayo hupitisha sauti kwa sumaku bila waya kuunganishwa. Au kwenye ule waya unaotoka nyota kwenda sanduku, weka rezista ya omu 10, na sambamba nayo daraja la daiodi la ampea nyingi lililofungwa ili lipitishe mkondo pande zote mbili ukitokea mkubwa. Rezista inazuia kitanzi, daiodi zinalinda. Angalia vizuri nilichosema: rezista inakaa kati ya nyota na sanduku. Kati ya sanduku na athi ya ukutani haikai kitu chochote, milele. Mimi niliweka rezista na daiodi, na ekstenshoni moja. Kimya.

Najua pingamizi zenu. Wengine mtasema: weka kapasita kubwa zaidi. Nilijaribu kwenye bodi ya kwanza. Kapasita kubwa hupunguza mtikisiko wa volti, sawa, lakini hufanya mipigo ya kuchaji kuwa mifupi na mikali zaidi. Kama mipigo inapita njia mbaya, umeongezea ugonjwa chakula.

Wengine, hasa nyinyi wa Arduino, mtasema: mwaga shaba ya grauni upande mzima wa bodi, upumzike. Kwa saketi za kidijitali nakubali, kwa sababu mkondo wa kasi kubwa hupenda kurudi chini kabisa ya njia iliyoupeleka. Lakini mizunguko 50 na 100 haina adabu hiyo. Inasambaa kila mahali shaba ilipo, pamoja na chini ya jeki yako. Shaba nyingi inapunguza ukinzani, haichagui njia. Kuchagua njia ni kazi yako.

Na wengine mtasema: kijana, watu wamekata athi miaka na miaka na hawajafa. Kweli. Hata mwalimu wetu hakufa. Lakini waya wa athi ni kama mkanda wa gari: siku zote usipoufunga na ukafika salama hazithibitishi kitu. Tena udongo wetu haufanani. Huku juu kwenye miteremko ya Mlima Kenya ardhi ina unyevu, fimbo ya athi inashika vizuri. Ukishuka Mbeere au Tharaka wakati wa kiangazi, ardhi ni kavu na ukinzani unapanda, kiasi kwamba hitilafu inaweza kukosa nguvu ya kukata fyuzi. Huko unahitaji athi nzuri zaidi, pamoja na ile swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja milliampea 30. Kukata athi mahali kama hapo ni kumalizia kazi ambayo kiangazi kimeianza.

Ombi langu kwa mafundi, wale wenye meza barabarani na wale wenye digrii kama mimi, ni dogo. Kifaa kikija kinavuma, usianze kwenye plagi. Ziba mahali pa kuingilia, sikiliza, kisha chukua kalamu ufuatilie kila mkondo unakorudi. Na kifaa kikija na athi iliyokatwa, irudishe hata kama mwenyewe hajakuomba, na umwambie kwa nini.

Jumapili iliyofuata nilimpa mwalimu maiki. Aliigusa kwanza kwa kidole, akangoja, akaigusa tena. Kisha akawageukia besi na kuwaambia waanze, maana leo ampli imewaachia nafasi yao.

Haya, tuonane wiki ijayo. Tutarudi kwenye programu, na vigeu vya jumla nitavitazama kwa jicho jingine.